Sahani ya Lori Namba Nne

Lori namba nne lilipanda juu ya kichuguu Jumatatu saa nne asubuhi, kwenye mteremko wa daraja, kabla ya kufika Tenke. Aliyekuwa akiliendesha ni shemeji yangu. Ekseli ya nyuma ilikuwa imekufa njiani, na aliyeiua ni mimi.

Nimeshaandika. Sasa nirudi nyuma kidogo.

Mliofuatana nami majuma haya mnajua nilikotoka. Mgodi ulinila ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kisha ukanitoa kambini, na kwa miezi minane mke wangu Ndaya na mimi tulihamahama Kolwezi na godoro kichwani. Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza ajue hilo tu. Na ajue kwamba mwaka 1956 nilipata kazi kwa Bwana Delcourt, Mbelgiji aliyekuwa na malori saba ya dizeli: matano makuukuu ya tangu kabla ya vita, mawili mapya.

Kazi ilikuja na nyumba. Vyumba viwili, bati juu, bomba la maji hatua thelathini kutoka mlangoni. Siku tulipopewa ufunguo Ndaya aliketi sakafuni akacheka, akacheka, mpaka akalia.

Kwa ajili ya nyumba ile ningefanya lolote. Nikalifanya.

Garajini nilikuwa kapita, yaani msimamizi, wa mafuta. Mafuta ya gia, ya ekseli, ya kisanduku cha usukani, yote yalipita mikononi mwangu. Shule niliiacha darasa la pili, kusoma sikujua wakati ule, ila nilikuwa na pua. Nilichovya, nikasugua kati ya vidole, nikanusa, nikasema: haya yameungua, haya yameingia maji, haya bado yana mwezi mmoja. Sikukosea. Waliniita Tata Pua, yaani Baba Pua, na kichwa kilinivimba.

Mwaka 1957, mwezi wa sita, baridi ilikuja mapema. Mafuta meusi tuliyokuwa tukiyatia kwenye malori makuukuu yaliganda asubuhi kama bukari, ugali wetu, iliyolala. Madereva walipigana na gia mpaka jua lipande. Bwana Delcourt alifoka kwamba malori yanachelewa kuondoka.

Wiki hiyohiyo gari-moshi lilileta mapipa mekundu, ya malori mapya mawili. Nilifungua moja. Uvundo uliotoka ulikuwa wa mayai yaliyooza na kiberiti. Nilirudisha kichwa nyuma, kisha nikainama tena nikanusa taratibu.

"Haya ni makali," nikasema. "Haya njo dawa." Njo yetu ni ndiyo ya watu wa pwani.

Kwetu kila mtu anajua: dawa isiyonuka haiponyi.

Numbi alikuwa karibu. Huyu alikuwa fundi wa ekseli, mtu wa kaskazini ya Katanga, aliyefundishwa kusoma na wamisionari na kufundishwa ufundi kwenye karakana ya Tenke. Alikuwa na ulimi wa wembe. Ukapita ule aliutaka yeye.

"Tata Muamba," alisema, "hapa ku pipa kuko maandishi."

"Pua haisomi, Numbi."

"Njo sababu mi naogopa."

Wenzetu wakacheka. Nikaona haya, na haya yangu siku zote hutoka kama hasira.

"Yanasema nini hayo maandishi?"

"Inasema ni ya ekseli ya chuma. Ile makamyo ya zamani, mu ekseli yake kuko gurudumu ya meno, ya bronzi. Bronzi ni ndugu ya shaba, Tata. Haipendi hii mafuta."

"Bronzi ilikuambia wewe?"

Walicheka tena, safari hii upande wangu. Bwana Delcourt alitokea mlangoni na kikombe chake cha kahawa, akauliza kuna nini. Mbele ya watu wote niliweka kidole changu kifupi juu ya pipa jekundu nikasema haya ndiyo, Bwana, gia zitaingia hata jogoo hajawika.

"Bien," alisema. "Weye kapita, weye najua."

Kwa siku tatu nilibadilisha mafuta ya malori makuukuu yote matano. Gia na ekseli zikapata yale ya pipa jekundu. Nilipofika namba nne nikataka kumalizia na kisanduku cha usukani, lakini Badibanga, dereva wake, alikuwa amesimama pale mikono kiunoni.

Badibanga alikuwa amemuoa dada yangu Bilonda. Mtu mnene, mwenye kicheko kikubwa, aliyeendesha miaka kumi na moja bila kukwaruza hata banda la kuku.

"Mu usukani wangu, hapana," alisema.

"Kwa nini, shemeji?"

"Ile kisanduku inavuja ku miguu yangu. Mi nakula bukari mule ndani. Unataka nikule bukari na mayai ya kuoza?"

"Ni dawa nzuri."

"Basi kunywa we mwenyewe."

Nikamwachia usukani wake na mafuta meusi. Mkumbuke hilo. Lilimwokoa, na si kwa akili yangu.

Kweli gia ziliingia. Madereva waliondoka saa kumi na mbili asubuhi wakiimba. "Shemeji, siibembelezi tena!" Badibanga alinipigia kelele kila alipotoka getini. Bwana Delcourt alinipa shati. Numbi aliendelea kufunga nati zake.

Hapa lazima niwaeleze sheria ya garaji letu, kwa maana jambo lote linaning'inia hapo.

Mafuta ya ekseli yakimwagwa, kwanza yalipokelewa kwenye sahani nyeupe ya bati, ya kulia chakula. Kapita anaipeleka juani, anaiinamisha huku na huku, anaangalia kinachobaki chini. Tuliita kusoma sahani. Kisomo hicho nilikiweza. Mafuta meusi ni uzee tu. Maziwa ni maji. Vumbi la kijivu ni chuma, subiri kidogo. Kisha dereva naye anasoma, anatia kidole ndani, kapita anatia chake, na wote wawili wanagusa ubao uliopakwa chokaa mlangoni, kwenye mstari wa namba ya lori. Vidole viwili, lori linatoka. Kidole kimoja, halitoki. Sheria hiyo aliiweka kapita wa kabla yangu, mzee wa Kasai aliyezikwa hapohapo Kolwezi, na hata Bwana aliiheshimu.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane nilimwaga mafuta ya ekseli ya namba nne. Nilikuwa peke yangu. Badibanga alikuwa mjini akitafuta viatu vyeupe, kwa kuwa kesho yake mtoto wao alikuwa anapokea komunyo ya kwanza.

Niliipeleka sahani juani nikaiinamisha.

Ilimetameta.

Siyo kijivu. Njano. Unga mwembamba wa njano, kama mavumbi ya maua miguuni pa nyuki, ulitambaa chini ya mafuta na kukusanyika ukingoni. Na ndani ya unga kulikuwa na kipande kimoja, ukubwa wa ukucha wa mtoto, kimetobokatoboka kama mkate uliokaa na mende.

Nilijua mara moja. Nimekula shaba kwa mapafu yangu miaka tisa mgodini. Sihitaji maandishi kuijua ndugu yake. Dawa yangu ilikuwa inakula bronzi.

Niliketi juu ya pipa. Nikafikiri. Nikisema, malori matano yanasimama leo. Ekseli tano. Bwana atauliza nani alichagua. Numbi atajibu kabla hajamaliza kuuliza. Na jioni Ndaya atakuwa anafunga godoro.

Nikafikiri tena, na mawazo ya pili ndiyo mabaya zaidi kwa sababu yalifanana na akili. Nilisema moyoni: nitarudisha mafuta meusi kimyakimya. Leo namba nne, wiki ijayo namba mbili, polepole, mpaka yote. Ugonjwa utakoma. Hakuna atakayejua.

Nikatia meusi. Nikafunga kizibo. Kana kwamba jino lililooza hupona ukiacha kula sukari.

Sahani nilitaka kuimwaga. Mkono ulikataa, hata leo sijui kwa nini. Niliisukuma juu ya boriti, chini ya bati, nyuma ya gaski za zamani.

Badibanga alirudi adhuhuri, viatu vyeupe vimefungwa kwa kamba shingoni.

"Tata Pua! Sahani iko namna gani?"

"Safi."

"Iko wapi, nitie kidole?"

"Nimeshaiosha. Nilidhani hurudi." Kisha nikaongeza, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi kama wa mtu mwingine: "Huniamini?"

Alicheka kile kicheko chake. "Aa, shemeji. Mutu hatie kidole mu sahani ya muko wake, ya shemeji. Kwetu ni mwiko."

"Basi nenda. Mtoto anangoja viatu."

Akaenda. Nami nikachovya kidole changu kwenye mafuta nikagusa ubao mara moja. Kisha nikagusa mara ya pili, pembeni, mahali pa Badibanga.

Jumapili tulikula kuku nyumbani kwao. Mtoto alivaa viatu vyeupe na hakutaka kukanyaga chini. Bilonda aliniwekea firigisi, kipande cha mkubwa. Niliitafuna.

Jumatatu namba nne ilitoka na magunia sitini ya unga wa mahindi, posho ya wafanyakazi wa Fungurume. Nilisimama getini. Bado ningeweza kuinua mkono.

"Siibembelezi!" alipiga kelele.

Nikampungia.

Kilichotokea mteremkoni nilisimuliwa na yeye mwenyewe. Alikuwa kwenye gia ya pili, injini ikilishikilia lori kama inavyotakiwa. Akasikia nyuma kitu kinasagika, kama mtu anayetafuna mifupa. Halafu kimya. Injini ikanguruma peke yake, haina cha kushika. Meno ya bronzi yalikuwa yameisha.

Lori likaanza kwenda. Akakanyaga breki, breki za lori kuukuu lenye magunia sitini ni sala tu. Akavuta gia atafute ya kwanza, ikakwama katikati. Mbele daraja, juu ya daraja wanawake wamebeba mihogo.

Akakata usukani. Usukani ukatii, kwa kuwa bronzi ya kisanduku chake haikuonja dawa yangu. Lori likaacha barabara, likapanda kichuguu kirefu kuliko nyumba, likalala ubavu. Wanawake wote walipona. Mguu wake wa kushoto ulibaki kati ya pedali na bati.

Waliukata Jumatano, chini ya goti.

Alhamisi nilikwenda hospitali. Hakuwa akicheka.

"Shemeji," alisema, "Bwana alikuya hapa. Alikuta gia iko katikati. Anasema mi nilishuka bure, nichunge mazuti, niuze."

Ndivyo madereva wengine walivyofanya: kutoa gia mteremkoni, lori likajitelemkia lenyewe, na dizeli iliyobaki ikauzwa njiani. Kila Mzungu aliyekuwa na lori alijua mchezo huo.

"Mi nilikuwa mu ya pili," alisema. "We unaniamini?"

"Nakuamini."

"Asante. Hata kama ni we mumoja tu."

Nilitazama blanketi mahali lilipolala bapa.

Ijumaa Bwana Delcourt alituita ofisini. Alikuwa ameifungua ekseli. Meno yote yameng'oka, na mafuta yamemwagika mchangani. Hakuna cha kunusa. Yeye alisema meno yalivunjika Badibanga alipolazimisha gia kuingia wakati lori limeshakimbia. Numbi alisema hapana, yaliliwa kabla.

"Nani naona?" Bwana aliuliza. "Sahani iko kwa kusoma. Kapita! Jumamosi weye nasoma sahani?"

"Ndiyo, Bwana."

"Namna gani?"

Numbi alikuwa ananitazama. Nje, lori namba mbili lilikuwa linapasha moto injini, na ndani ya ekseli yake mafuta mekundu.

"Ilikuwa safi, Bwana."

Mara ya kwanza nilidanganya kwa woga. Mara ya pili nilikuwa nimeshazoea.

Badibanga alifukuzwa kazi kwa kosa lake mwenyewe. Mwenye kosa halipwi mguu. Mwenye kosa hana nyumba: siku kumi na tano, funguo mezani.

Nitasema hili, si kwa kujitetea. Jioni ileile nilibadilisha mafuta ya malori manne yaliyobaki, yote kwa mara moja. Nilimwambia Bwana baridi imekwisha, tunarudi kwenye meusi. Akakubali bila kuinua kichwa. Sahani nne zote zilimetameta, na niliziosha kabla madereva hawajaziona. Niliigonga kwa nyundo ekseli ya namba mbili mbele yake, nikasema ina sauti mbaya, lori lisitoke. Halikutoka. Basi ningeweza kusema. Kinywa kilikuwepo tangu mwanzo.

Siku kumi na tano zilipokwisha, Bilonda alikuja na watoto wanne, Badibanga akiwa bado hospitali. Angekwenda wapi? Mimi ndiye kaka yake. Ndaya aliwatandikia mikeka chumba cha mbele. Mwenye komunyo alilala na viatu vyake vyeupe kifuani. Nyumba niliyoiokoa kwa uongo ikajaa watu ambao uongo huo uliwatoa kwao, na kila asubuhi dada yangu aliniamkia, akanichotea maji ya kunawa.

"Asante, yaya," alikuwa akiniambia, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya. "Bila wewe tungelala wapi?"

Siku tisa nilinawa maji yale.

Jumapili ya pili, baada ya misa, Bilonda hakurudi na wenzake. Alisema anapita garajini kuchukua koti la mumewe, na mtungi wake. Ndaya akasonga bukari. Sombe, majani ya mihogo, ilikuwa mezani. Watoto walikuwa bombani wakirushiana maji.

Bilonda aliingia bila koti. Alikuwa amebeba kitu kimefunikwa kwa kitambaa chake cha kichwani, anakishika kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sadaka.

Alikiweka mezani, kati ya sombe na bakuli la bukari. Akafunua.

Mafuta yalikuwa yamekauka ukingoni, yakawa kama lami. Ule unga wa njano ulikuwa bado umelala chini. Jua la dirishani lilipoupata, ulimetameta.

Ndaya aliacha mwiko sufuriani. "Muamba, hii sahani ni ya nani?"



"Numbi alinionyesha ubao," Bilonda alisema. Hakupaza sauti. "Mustari ya namba nne. Bidole mbili, yaya. Zote mbili fupi."

Nilitazama kidole changu.

"Bwana wangu iko na bidole kumi nzima," alisema. "Mguu njo iko moja. Numbi akasema, aliyetia kidole mara mbili amechunga kitu, amekificha. Tulitafuta saa nzima. Ilikuwa ku boriti."

"Bilonda—"

"Mi sikuli leo. Nikule mu sahani gani?" Alivuta pumzi. "We ulimuambia iko safi?"

"Ndiyo."

"Na Bwana?"

"Ndiyo."

"Na Badibanga akiwa mu kitanda, ulimuambia unamuamini?"

"Hiyo ilikuwa kweli."

Hapo ndipo alipolia, na si kabla.

Ndaya alikuwa amesimama mgongo ukutani, mkono mdomoni. Alitazama bati juu, akatazama mlango, akatazama mikeka ya watoto iliyokunjwa pembeni. Nilijua anachohesabu. Nilikuwa nimekihesabu kabla yake, juu ya pipa, siku ya Jumamosi.

"Nikipeleka hii kwa Bwana," Bilonda alisema, "we unatoka humu. Ndaya anatoka. Na mi na batoto tunatoka tena, mara ya pili. Mi najua. Mi si mujinga." Alijifuta kwa kitambaa kilekile, kikamwachia mstari mweusi shavuni. "Lakini kesho saa moja asubuhi hii sahani inaingia mu biro ya Bwana. We unaibeba, ao mi naibeba. Chagua. Si we njo mwenye kuchagua?"

Alitoka kwenda kuwaita watoto waje kula. Hakuna aliyeifunika sahani.

Mpaka saa ile gharama ilikuwa hii. Ekseli moja ya lori, na nyingine nne zilizokuwa zinakufa. Magunia sitini ya unga, yaliyozolewa mchangani na watu wa Tenke. Mguu mmoja wa kushoto, kuanzia chini ya goti. Kazi moja ya miaka kumi na moja. Nyumba moja ya shemeji yangu, vyumba viwili. Dada mmoja, niliyebaki naye peke yake kwa tumbo la mama yetu.

Nyumba yangu bado ilikuwa yangu, mpaka saa moja asubuhi.